Aliyeketi Nje ya Geti

Ofisini walimwita Masikio, na jina hilo halikumuudhi, kwa sababu masikio ndiyo yaliyompa kazi. Kwa miaka kumi na saba alikuwa mwandishi wa taarifa rasmi za Bunge. Anavaa hedifoni, anakanyaga pedeli chini ya meza ili kurudisha sauti nyuma, na anaandika kila neno lililosemwa ukumbini. Walikuwa wanane, wakipokezana kwa zamu za dakika kumi kumi. Mbunge akisema kwa nusu saa, Masikio aliweza kuandika mwanzo wake, Jirani, mama wa meza ya pili, akaandika katikati, na mwingine akamalizia. Ni kazi isiyo na sifa. Ukiifanya vizuri, hakuna anayejua kwamba upo.

Alikuwa ameona miswada mingi ikipita mbele yake na mingine ikifia njiani. Muswada husomwa mara ya kwanza, jina tu, karani anasimama na kukaa. Unasomwa mara ya pili, hapo wabunge wanaujadili. Kisha unapelekwa kwenye kamati, unachambuliwa kifungu kwa kifungu, na watu wa nje wanaitwa kutoa maoni. Ukitoka salama unarudi ukumbini kusomwa mara ya tatu na kupigiwa kura, ndipo unakwenda kwa Rais kusainiwa. Mingi huishia kwenye kamati, kimya kimya, wala hakuna anayeuliza ilikokwenda.

Na Masikio alikuwa na mdogo wake mbunge, mwanamke kama yeye.

Nyumbani mdogo huyo aliitwa Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao. Tangu achaguliwe, miaka miwili nyuma, Baba aliacha kumwita Kitinda akawa anamwita Mheshimiwa, hata akiwa anamwagiza chumvi mezani. Baba huyo aliishi kwa Masikio. Masikio ndiye aliyemfulia, aliyempeleka kliniki ya macho, aliyejua vidonge vipi ni vya asubuhi na vipi ni vya jioni. Lakini ukutani mwa sebule ya Masikio, juu ya runinga, Baba alibandika bango la kampeni la Kitinda, lile la kitambaa cha buluu kichwani, na kila asubuhi kabla ya chai aliliondolea vumbi kwa mkono wa shati.

Masikio alimwonea mdogo wake wivu, na alijua. Hakujidanganya kwamba ni kitu kingine. Wivu wake ulikuwa wa siku nyingi, wa kukaa naye, kama jino lililotoboka ambalo ulimi hauachi kulichokoa.

Mwaka ule Kitinda alipeleka bungeni muswada wake binafsi. Ulihusu wagonjwa mahututi: kwamba hospitali isimfukuze ndugu wa mgonjwa aliye katika hali mbaya eti kwa sababu saa ya kuona wagonjwa imekwisha. Magazeti yakauita muswada wa Kitinda, kwa jina lake kamili, na picha yake ikakaa ukurasa wa tatu. Hakuna gazeti lililojua kwamba muswada huo ulianzia kwenye karatasi moja ya ofisini. Masikio ndiye aliyeiandika, kwa mkono wake, vifungu vinne kwa mpangilio kama alivyoona miswada inavyopangwa, akampa Kitinda wakati wa kampeni na kumwambia, "Ukifika huko, hili usilisahau." Wanasheria wa Bunge walivifanya vile vifungu vinne kuwa kumi na tisa. Kifungu cha tatu tu ndicho kilichobaki vilevile, neno kwa neno. Masikio alipokiona kwenye nakala iliyochapwa alikisoma mara tatu, akatafuta mahali popote palipoandikwa jina lake, ingawa alijua vizuri kwamba miswada haiandikwi hivyo.

Siku ya kusomwa mara ya pili, zamu yake iliangukia kwenye dakika ya kumi ya hotuba ya mdogo wake. Alivaa hedifoni, akakanyaga pedeli. Sauti ya Kitinda ikamwingia moja kwa moja kichwani, karibu kuliko walivyowahi kukaa tangu walipokuwa wakilala kitanda kimoja utotoni.

"Mheshimiwa Spika, naomba niwaambie jambo ambalo sijawahi kulisema hadharani. Miaka tisa iliyopita mama yangu alilazwa hospitali kuu. Saa nane mchana tukaambiwa muda umekwisha. Niliketi kwenye benchi la zege nje ya geti. Niliketi saa mbili nzima. Mama yangu alikata roho saa kumi, mimi nikiwa hatua arobaini kutoka kitandani kwake, na hakuna aliyekuja kuniita."

Masikio aliondoa mguu kwenye pedeli.

Kitinda hakuketi popote siku ile. Alikuwa katika mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi, chumba cha mtihani, mwaka wake wa mwisho wa chuo. Benchi lilikuwa la Masikio. Hata hatua arobaini ni Masikio aliyezihesabu, baadaye, alipoambiwa sasa anaweza kuingia.

Alirudisha sauti nyuma akasikiliza tena, labda amesikia vibaya. Hakusikia vibaya. Basi akaandika, kwa vidole vyake mwenyewe, "Niliketi kwenye benchi la zege nje ya geti," kana kwamba ni mtu mwingine anasema. Baada ya maneno hayo, ukumbi mzima ulipiga makofi. Yalidumu muda mrefu, na mtu mmoja alipiga meza. Utaratibu wa ofisi ni kuandika kwenye mabano, (Makofi). Masikio aliyasikiliza mpaka yakaisha. Kisha akaanza aya mpya na hakuandika kitu.

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na saba kuacha kuandika alichokisikia. Aliipeleka kazi kwa Mhariri kama kawaida, na Mhariri, ambaye hakuwepo ukumbini, akaipitisha. Ikachapwa hivyo. Jioni alipokuwa akitembea kwenda nyumbani alijisikia kama mtu aliyeiba ndizi sokoni: aibu kidogo, na utamu kidogo.

Baba alikuwa amekaa mbele ya runinga, bado amevaa miwani.

"Umemsikia Mheshimiwa leo?"

"Nimemsikia, Baba. Ndiyo kazi yangu."

"Amesema vizuri sana. Nimelia."

Masikio aliweka mkoba mezani. "Amesema yangu, Baba. Yeye hakuwepo. Wewe unajua hakuwepo."

Baba alivua miwani akaifuta, na alichukua muda kuifuta. "Kwani nyinyi si wa mama mmoja?" akasema. "Limesemwa, limesikika. Ungelisema wewe, lingesikika wapi?"

Masikio alikwenda jikoni. Alikata vitunguu vingi kuliko vilivyohitajika.

Muswada ukaenda kwenye kamati. Vikao vya kamati havirushwi kwenye runinga. Vinafanyika chumba cha ghorofa ya pili chenye meza ndefu na mapazia ya kijani, na mwandishi mmoja hukaa pembeni na kinasa sauti chake, akitazama taa nyekundu isizimike. Siku ya Jumanne mwandishi huyo alikuwa Masikio. Angeweza kubadilishana na Jirani. Hakubadilishana.

Katika kamati alikuwemo mbunge mmoja aliyekuwa daktari kabla ya siasa, mtu mpole wa sauti, mwenye kalamu mbili mfukoni. Hakuutaka muswada. Alisema wodi zimejaa, ndugu wataleta vurugu, wauguzi watashindwa kufanya kazi. Kisha akamgeukia Kitinda.

"Mheshimiwa, ulitueleza habari ya kugusa sana kule ukumbini. Mimi nilifanya kazi hospitali ile miaka sita. Naomba kufahamu. Ulikuwa geti gani?"

"Geti... lile la mbele," Kitinda akasema.

"Geti la mbele halina benchi."

"Aa, basi la pembeni."

"Nani alikutoa wodini? Muuguzi au mlinzi?"

"Alikuwa, aa... ni muda mrefu, Mheshimiwa. Nadhani muuguzi."

"Na nani alikuja kukuambia mama amefariki?"

Kitinda aligeuza macho. Aliyapitisha juu ya meza ndefu, juu ya bilauri za maji, mpaka yakamfikia dada yake pembeni. Masikio aliyaona yakija. Alijua jibu la kila swali. Geti la upande wa kufulia nguo, mlinzi mwenye sweta ya kahawia iliyochanika kiwiko, na aliyekuja kumwambia alikuwa mfagizi, si muuguzi wala daktari. Majibu yalikuwa yamejaa mdomoni mwake. Akainamisha kichwa akatazama taa nyekundu.

"Kwa kweli, sikumbuki," Kitinda akasema.

"Jambo kubwa namna hiyo, hukumbuki," daktari akasema, polepole, kama anaandika cheti cha kifo.

Masikio alisikia joto likimpanda kifuani, na lilikuwa joto zuri. Alijichukia kwa hilo, lakini si sana.

Alipokaa kuandika kikao kile hakuacha kitu. Desturi ya ofisi ni kumsafisha kila mbunge: kigugumizi kinaondolewa, sentensi iliyokatika inaungwa, na "aa" zinatupwa. Mbunge mlevi akisema, kwenye taarifa anatoka amenyooka. Safari hii Masikio alimwachia mdogo wake kila "aa" na kila kimya. Kesho yake gazeti moja, ambalo mwandishi wake alikuwemo kikaoni, likaandika kwamba habari ya benchi huenda ni ya kutunga. Wajumbe wawili waliokuwa wakiuunga mkono muswada wakasema watafikiri upya. Kamati ingepiga kura Ijumaa.

Jumatano asubuhi Mhariri alimwita. Mhariri alikuwa mzee mwembamba anayesoma kwa kufuata mstari na ncha ya penseli.

"Tumefanya kazi pamoja miaka kumi na saba," akasema. "Hujawahi kumwachia mbunge hata 'aa' moja. Huyu umemwachia kumi na nne. Nimezihesabu."

Masikio aliitazama ncha ya penseli.

"Ni ndugu yako?"

"Ni mdogo wangu. Tumbo moja."

"Basi chagua. Ama uzifute zote kumi na nne, ama kuanzia leo tuwaachie wote za kwao. Na wapo humu, unawajua, hatutamaliza kuzichapa."

Alizifuta palepale, amesimama. Hazikumchukua hata dakika tano.

Mchana wa siku hiyohiyo Kitinda alishuka ofisini kwao. Wabunge walikuwa wakija mara chache, wakitaka kusahihisha neno lililokosewa. Wenzake Masikio wakasimama, "Shikamoo Mheshimiwa," hata Jirani aliyemzidi umri. Masikio hakusimama. Jirani alizitazama sura zile mbili, akakumbuka kwamba ana karatasi za kupeleka ghorofani, akawachukua na wenzake.

"Dada, nimekuja kusahihisha hotuba yangu," Kitinda akasema. "Pale niliposema niliketi. Nataka isomeke, dada yangu aliketi."

"Kanuni haziruhusu. Unasahihisha neno tulilosikia vibaya. Hatukusikia vibaya."

"Najua."

"Kama unajua, umekuja kufanya nini?"

Kitinda alivuta kiti cha Jirani akakaa. Bila watu alionekana mdogo, na mabega yameshuka. "Niliandika 'dada yangu'. Karatasi ninayo, naweza kukuonyesha. Nilipoanza kusema, wenzangu walikuwa kwenye simu zao. Yule wa mbele yangu alikuwa amesinzia. Nikaona nikisema dada yangu, litapita kama yanavyopita mengine. Nikasema mimi. Wakainua vichwa."

"Na ukaona raha."

"Nikaona raha," Kitinda akakubali.

"Ile karatasi yangu ya vifungu vinne uliichukua, sikusema. Baba amekuwa wako, amekaa nyumbani kwangu, anakula kwangu, na ni wako. Sikusema. Lakini siku ile, Kitinda. Siku ile nilikuwa peke yangu."

"Ndiyo hiyo," Kitinda akasema. "Ulikuwepo. Mimi nilikuwa nikijibu maswali ya historia ya katiba. Miaka tisa nakuonea wivu, dada. Kila ukitaja benchi, naona afadhali ningekuwa mimi."

Hata wivu wenyewe, Masikio akawaza, huyu anataka tugawane. Akamwambia ukweli mmoja ili kumuumiza. "Ulipigiwa makofi siku ile. Sikuyaandika."

"Kwani huwa yanaandikwa?"

Hakuwa anatania. Miaka miwili bungeni, hajawahi kufungua taarifa rasmi hata mara moja. Masikio akageukia mashine yake.

Kitinda alipoondoka, Masikio alikwenda kwa Mhariri kumwuliza kama mfanyakazi wa Bunge anaweza kutoa ushahidi mbele ya kamati.

"Ukiwa na hedifoni huna mdomo," Mhariri akasema. "Ukiwa likizo ni raia kama raia mwingine. Fomu iko kwa karani wa kamati." Akachukua penseli yake. "Unakwenda kumsaidia?"

"Hapana," Masikio akasema, na alikuwa anasema kweli. Hakutaka mtu mwingine aisimulie tena siku ile, basi.

Ijumaa alivaa gauni lake la kijivu akaingia chumba cha mapazia ya kijani kwa mlango wa wageni. Jirani ndiye aliyekuwa kwenye kinasa sauti. Masikio aliketi kwenye kiti cha shahidi, na kwa mara ya kwanza katika chumba kile kipaza sauti kilikuwa kimeelekezwa kwake. Akaeleza. Alieleza geti la upande wa kufulia, sweta ya mlinzi, na mfagizi aliyekuja ameshika kofia mkononi. Alisema, "Aliyeketi pale ni mimi. Mdogo wangu alilisema kwa mdomo wake, lakini ni langu." Mwenyekiti akaandika kitu. Kitinda, upande wa pili wa meza, hakuinua uso.

Daktari alimwacha amalize. Alikuwa amelitambua lile geti, na sweta ile, ilionekana usoni. Akauliza swali moja tu, na hakuuliza kwa ubaya.

"Saa nane walipokutoa. Mama alikuwa anaweza kusema?"

"Alikuwa anasema kidogo."

"Alisema nini?"

Hilo ndilo jambo ambalo Masikio hakuwa amemwambia mtu. Si Baba, si mchungaji wa kanisani, si mumewe alipokuwa hai. Alilifunga miaka tisa, na sasa aligundua kwamba angeweza kulifunga hata leo, akasema mama aliomba maji, na hakuna ambaye angejua. Alimtazama Jirani pembeni. Vidole vya Jirani vilikuwa juu ya kinasa sauti, na taa ilikuwa inawaka.

"Alikuwa anamuulizia mdogo wangu," akasema. "Nilikuwa nimemshika mkono, nimekaa naye siku nne. Aliniuliza, 'Kitinda amefika?' Nikamwambia bado. Akauliza tena. Nikamwambia yuko njiani. Hakuwa njiani, hatukuwa tumemwambia, asije akaharibu mtihani. Akauliza tena, ndipo mlinzi akaja. Maneno ya mwisho aliyonisikia nikisema ni uongo, na mimi hakuniambia neno lolote linalonihusu. Nilikaa kwenye benchi lile nikiwa na hasira naye. Kama wangeniacha, hasira ingeisha. Nilihitaji kama saa moja hivi."

Kitinda alikuwa ameweka mikono miwili juu ya meza, na machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kuyafuta. Masikio alimwona, akajua amempa mdogo wake kitu ambacho angekibeba maisha yake yote kama zawadi, kitu ambacho alikuwa amemnyima kusudi. Hakujisikia mwepesi. Alijisikia amepungukiwa.

Daktari alifunga kalamu yake. Alipendekeza marekebisho: ndugu awe mmoja kwa wakati mmoja, na muuguzi wa zamu awe na mamlaka ya kumtoa akileta fujo, kwa maandishi na kwa sababu. Kamati ikakubali, kura tisa kwa tatu, na daktari akiwa mmoja wa wale tisa.

Muswada ukarudi ukumbini kusomwa mara ya tatu. Kabla ya kura Kitinda aliomba ruhusa ya Spika kutoa maelezo binafsi. Alisema aliketi chumba cha mtihani, si kwenye benchi, kwamba alilichukua la dada yake, na kwamba anaomba radhi kwa Bunge na kwa dada yake. Masikio alilisubiri neno hilo kwenye hedifoni, lakini zamu ilikuwa imebadilika dakika mbili kabla, na sehemu hiyo iliangukia kwa Jirani. Alikuja kuisoma kwenye karatasi baada ya kuchapwa. Chini ya ile radhi Jirani alikuwa ameandika, (Makofi). Basi hata kwa kuungama, Masikio akawaza, amepigiwa makofi. Alicheka peke yake, cheko fupi lisilo na furaha nyingi, na Jirani akamwuliza kuna nini. "Hakuna," akasema.

Walioafiki wakasema ndiyo, na ndiyo zikashinda. Miezi miwili baadaye Rais akatia saini.

Siku ya kutiwa saini Kitinda alimpelekea dada yake nakala ya taarifa ya kamati, ile ya Ijumaa, imejalidiwa vizuri kwa jalada gumu. Kwa kuwa vikao vya kamati havionyeshwi, Baba alikuwa hajasikia lolote lililosemwa mle. Akamwomba Masikio amsomee, macho yake yakiwa hayafai kitu kwenye maandishi madogo. Masikio aliketi chini ya lile bango la buluu akamsomea yote, maswali ya daktari na majibu yake mwenyewe, kwa sauti ileile ya ofisini isiyopanda wala kushuka. Jirani alikuwa ameiandika vizuri. Hakukosea hata mahali pamoja.

Alipomaliza, Baba alisukuma kikombe chake cha chai pembeni.

"Alimuulizia Mheshimiwa mara tatu," akasema.

"Mara tatu, Baba."

"Na mimi? Hakuniulizia?"

Masikio alifikiri. Miaka kumi na saba ya kuandika kilichosemwa na si zaidi ilimjibia. "Hapana, Baba. Hakukuulizia."

Mzee alitikisa kichwa taratibu. Aliinuka, akaegemea mkono wa kiti, akalitazama bango la binti yake mdogo pale ukutani kwa jicho ambalo Masikio alilifahamu vizuri kabisa, kama lake mwenyewe. Kisha akaenda zake chumbani, na chai yake akaiacha mezani.

Siku tatu zilizofuata hakuliondolea vumbi.